Mlango wa Dereva

Jumatatu, 6 Januari 2025

Gari imerudi.

Nimeiandika hiyo nikaitazama. Gari imerudi — mwenyewe hapana.

Tumeitoa Homa Bay leo, mimi na shemeji yangu Frankline. Ilikuwa yadi ya kituo cha polisi tangu Mei, chini ya mti ambao ndege wote wa ziwani wanalala. Sikuijua. Nilipita kando yake nikiendelea kuitafuta! Fielder ya Nashon, mume wangu, ilikuwa nyeusi mpaka nilikuwa napaka lipstick nikijitazama kwa mlango. Hii ilikuwa rangi ya jivu. Mavi ya ndege, utomvu, vumbi limeshika kama saruji. Mtu ameandika kwa kidole kwenye boneti: NIOSHE.

Frankline akasaini, akaweka betri aliyokuja nayo. Iliguna, ikakataa, ikawaka. Askari akasema tushukuru Mungu, magari mengine hutoka hapo bila magurudumu, hii haijagongwa hata kona. Ilipatikana Lambwe, vichakani karibu na ua wa mbuga, milango imefungwa. Lambwe — kwetu, nilikozaliwa. Kila mtu akitaja Lambwe ananiangalia mimi.

Frankline ndiye aliendesha mpaka Migori. Nilikaa nyuma. Mbele sikuweza.

Njiani akaniambia uamuzi wa wazee. Jumamosi tarehe 25 Nashon atazikwa nyumbani Karungu. Nikauliza, tutazika nini? Akasema, shem, unajua. Yago. Lile tunda refu zito, linafungwa shuka na kulazwa kaburini mahali pa mtu ambaye hakuonekana. Roho itulie. Boma litulie. Karibu mwaka sasa. Tena anataka gari itangulie msafara, inang'aa, picha ya ndugu yake mbele. Ati watu waone hatukumtupa.

Nikafungua dirisha.


Jumatano, 8 Januari

Lynnet ameenda shule, Form Two. Kabla aondoke alizunguka gari ya baba yake, mikono nyuma, kama mtu anapita kwa wodi ya wagonjwa.

— Mum, tukizika hiyo yago halafu Daddy arudi, itakuwaje?

Nikamwambia asisahau sweta.

Kwa stage ya teksi madereva wenzake wanasema Nashon alivuka mpaka, ana mwanamke Musoma. Wanasema hata mbele yangu. Mwaka mzima nimemchukia huyo mwanamke. Nimempa sura. Nimempa nywele ndefu, duka la vitenge, kicheko. Na nikipiga magoti — Mungu nisamehe — naomba awepo kweli.


Ijumaa, 10 Januari

Nimepeleka gari kwa Maroa, gereji yake iko nyuma ya soko. Mkuria wa upande wa Kehancha, mrefu, anaongea kama mtu anayelipia maneno. Ndiye alikuwa anaitengeneza Fielder tangu Nashon ainunue. Aliitazama, akavua kofia. Hakusema pole. Akasema tu:

— Waliiachia jua.

Nikamwambia nataka kuiosha mwenyewe, kila kitu, anifundishe. Nilidhani atacheka. Aliuliza kama saluni yangu itakaa bila mimi. Itakaa. Orpah, msaidizi wangu, anajua kusuka kuliko mimi.

Akasema basi kesho nivue pete na bangili. Gari nyeusi haisamehe. Ukiifuta kavu, kila chembe ya mchanga inaandika jina lake.


Jumamosi, 11 Januari

Mgongo! Mabega!

Maji kwanza, mengi, bila kugusa. Halafu ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi juu ya rangi. Kutoka juu kushuka chini. Mavi ya ndege hayakwanguliwi. Unayalowesha kwa kitambaa cha maji moto, unangoja yalainike kama gamba la kidonda. Hata hivyo yameacha madoa. Yamekula rangi. Utomvu nao ulitaka mafuta ya taa na subira.

Si tofauti na saluni. Nywele zikishikana ukaharakisha kitana, unang'oa.

Nilipoosha boneti lile neno NIOSHE lilipotea, chini yake likabaki limechorwa hafifu kwenye rangi yenyewe. Maroa anasema litatoka kwa mashine.

Mama Susana, mama yake Nashon, amepiga simu kutoka Karungu. Aliuliza, imefika? Nikasema imefika, Mama. Nilisikia kuku wake. Halafu akaniita binti wa Lambwe, kama kawaida yake: "Nyar Lambwe, uioshe na viti. Alikuwa hapendi vumbi." Halafu simu ikakatika, au alikata.

Hajawahi kumwita marehemu. Hata mara moja. Wengine wote wameshazoea.


Jumatatu, 13 Januari

Leo ilikuwa siku nzuri. Naogopa kuandika hivyo.

Maroa alibandika karatasi kwenye raba na taa zote, akanionyesha dawa ya kukatia rangi — kompaundi, nzito kama dawa ya meno. Unapaka kidogo, unasugua kwa duara ndogo ndogo, halafu mashine inamalizia. Kitambaa cheupe kikatoka cheusi tititi. Nikaruka. Nilidhani nimeharibu gari!

Akatikisa kichwa. Rangi ya kiwandani ya gari hii haina kifuniko cha vanishi juu, alisema, ni weusi mtupu mpaka chini. Huo unaotoka ni uliokufa kwa jua. Sugua, utafika kwa ulio hai.

Na kweli. Mlango wa abiria mbele ulifika saa ya chakula. Kwanza nikaona mabati ya gereji ndani yake, halafu mawingu, halafu mwanamke wa leso kichwani. Nimezeeka. Lakini nilicheka, kwa sauti. Maroa naye akatabasamu, akageuka haraka akijifanya anatafuta spana.

Upande wa kushoto wote umekwisha. Vitambaa vimejaa ndoo, vyeusi kama vimefuta sufuria. Kesho upande wa dereva.


Jumanne, 14 Januari

Mlango wa nyuma kulia: kitambaa cheusi. Kama wenzake.

Mlango wa dereva: nimesugua, nimesugua. Kitambaa cheupe.

Nikaongeza dawa. Cheupe. Nikabadilisha kitambaa. Cheupe kama kimetoka dukani. Nikaita, Maroa, mbona huu hautoi?

Alikuja akipangusa mikono. Akasugua mwenyewe. Akaangalia kitambaa, akaenda akazima redio. Ndipo nikaanza kuogopa.

Alifungua mlango, akavuta raba ya pembeni kwa kucha. Ndani ya raba kuna mstari mwembamba wa rangi nyeusi, mahali karatasi ya mtu ilikomea. Akagonga mlango wa nyuma kwa kidole: unalia kama debe. Akagonga wa dereva: chini ya kishikio, unalia kama ukuta.

— Huu umepakwa upya, una vanishi juu, ndiyo maana hautoi. Na kuna puti ya kuzibia chini.

— Nashon aliugonga?

— Niliosha gari hii Januari ile, kabla apotee. Ilikuwa rangi yake ya kuzaliwa, yote.

Nashon alipotea Februari. Gari ikapatikana Mei, vichakani. Nani anapaka rangi gari iliyopotea?

Maroa akasema twende nyumbani, tulale, tufikirie. Nimekuja nyumbani. Sijafikiria. Nimekaanga samaki nikasahau kula.


Jumatano, 15 Januari

Maroa hakutaka. Alisema wazi. Alisema, Mama Lynnet, tukikwangua hapa hatuwezi kurudisha mambo yalivyokuwa. Nikamwambia kwangua.

Msasa na maji. Ikatoka nyeusi, ikatoka kijivu, halafu puti ya waridi, rangi ya ufizi. Ilikuwa nene kama kidole. Ilianza kubanduka vipande. Nyuma yake bati. Akafungua ubao wa ndani wa mlango — skrubu zake mpya, zinang'aa, wakati za milango mingine zina kutu — akang'oa lile bati. Kipande cha kopo la mafuta ya kupikia, maandishi bado yapo.

Halafu tundu.

La duara. Kidole changu kidogo kinaingia. Kingo zake zimekunjika kwenda ndani.

Maroa akanyanyua kifuniko cha kiti cha dereva. Kipya, nilikiona Homa Bay, nikadhani Nashon alikinunua bila kuniambia. Chini ya kifuniko sponji imekatwa kwa kisu, mraba mkubwa, ikajazwa sponji nyingine ya bluu, ya godoro.

Niliingia nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa. Nikafunga mlango, nikatazama tundu linaelekea wapi. Linaelekea hapa, chini ya mbavu. Mwanga wa jua uliingia kupitia hapo ukanikaa kwenye gauni, duara dogo.

Maroa alinifungulia mlango. Aliniita mara nyingi, anasema. Sikusikia.


Alhamisi, 16 Januari

Hakuna mwanamke Musoma.

Nimemlilia huyo mwanamke leo. Yeye!


Ijumaa, 17 Januari

Nimerudi gereji. Maroa alikuwa anang'arisha boneti peke yake, hakuniuliza kama aendelee. NIOSHE imetoka.

Alikuwa ameweka lile bati la kopo juu ya kabati. Alisema ameligeuza geuza tangu jana. Fundi mmoja tu anaziba tundu kwa kopo la mafuta, wengine wanatumia wavu. Yeye na Maroa walijifunza kazi pamoja Homa Bay wakiwa vijana. Anaitwa Willis.

— Unaenda kumwuliza, si ndio?

— Ndio.

— Mimi sitakwenda. Nina watoto. Na jina langu uliache hapa.

Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningeshafunga gereji.


Jumamosi, 18 Januari

Homa Bay, na joto lake. Willis nilimpata chini ya mabati mawili, karibu na wanawake wanaoanika dagaa wa omena. Mzee mdogo, anakohoa, anacheka kabla ya kukohoa na baada. Nikamwambia nimesikia anajua kuziba milango. Nikataja Fielder nyeusi, mlango wa dereva.

— Aa, ile! Ng'ombe aliitoboa kwa pembe.

— Nani alisema ni ng'ombe?

— Si mwenye gari.

Akaeleza bila kuulizwa, kama fundi anayependa kazi yake. Ati alimwambia mwenyewe, pembe ya ng'ombe inachana, haitoboi namna hii. Yule akasema ng'ombe wao ni tofauti. Willis akacheka tena akinisimulia. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

Nina picha kwa simu, ya Krismasi yetu ya mwisho na Nashon, Karungu. Mama Susana katikati amekaa. Nashon kulia, Frankline kushoto, wote shati jeupe. Wanafanana, watu husema hivyo. Nikampa simu. Yupi?

Hakusita. Kidole chake, cheusi kwenye kucha, kiliangukia Frankline.

— Huyu. Alinisumbua sana huyu, alitaka itoke kabla ya Pasaka.

— Na huyu mwingine?

Akavuta simu karibu na macho.

— Huyo simjui. Wafanana. Ni ndugu?

Halafu akaniangalia, akaacha kucheka. Akauliza kwa sauti ya chini, kwani, rangi imebanduka? Nikamwambia hapana. Ulifanya kazi nzuri, mzee. Ero kamano, asante.

Pasaka mwaka jana ilikuwa mwisho wa Machi. Mwezi wa nne Frankline alikuja kwangu, akalia begani mwangu, begani hapa! Akasema, shem, hata dalili hatuna. Hata gari hatujui iko wapi.

Na Mei ikapatikana Lambwe. Kwetu. Mahali ambapo kila mtu angeniangalia mimi.


Jumapili, 19 Januari

Kanisani walitangaza mazishi. Kasisi alisema ataombea familia, lakini kwa hilo tunda hatasimama karibu. Watu wakanishika mikono. Wengine walishika kwa huruma. Wengine walishika wakinichungulia.

Najaribu kuwakumbuka hao ndugu wawili. Waligombana, ndiyo, ile Desemba, baada ya Krismasi. Frankline ananunua dhahabu kwa wachimbaji, alitaka Nashon awapeleke watu fulani mpakani, usiku usiku. Nashon akakataa. Alisema kwa meza, mimi nabeba abiria, sibebi siri. Frankline akaondoka bila kumaliza ugali. Januari walipatana tena, nilidhani. Walikuwa wanapigiana simu.

Ile asubuhi ya Februari aliniambia ana mteja wa Homa Bay, atarudi kula supper. Sikuuliza mteja ni nani. Nani huuliza?


Jumatatu, 20 Januari

Nilimpigia simu yule askari wa Homa Bay aliyetukabidhi gari. Nilimwambia yote, polepole, nisije nikalia. Tundu la risasi, puti, Willis, Pasaka.

Akasema, madam, hayo ni maneno mazito. Akauliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema wewe tu. Akasema nikae nayo, nisiguse, atanipigia.

Nikarudi saluni. Nilikuwa naosha mteja kichwa, povu mpaka kwenye viwiko, simu ikalia. Nikadhani ni yeye. Orpah akanishikia simu kwa sikio.

— Shem, kwa nini unasumbua watu wa serikali?

Frankline! Hata salamu hakuna.

Mteja aliuliza kama maji yameisha, mbona nimeacha kuosha.


Jumanne, 21 Januari

Alikuja gereji leo mchana. Amevaa vizuri, viatu safi, kama mtu wa kamati. Maroa aliingia chini ya gari nyingine akabaki huko. Niliona soli zake tu.

Frankline alisimama mbele ya mlango muda mrefu. Hakugusa. Gari yote inang'aa sasa, tulikuwa tunaonekana mle, yeye na mimi, isipokuwa hapo katikati palipo chuma tupu na tundu.

Nilidhani atakataa. Hakukataa.

— Ni mimi nilipeleka ipakwe. Nilificha kwa sababu ya Mama. Ule moyo wake, angeona hii angekufa siku hiyo hiyo. Ungetaka tuzike wawili?

— Uliipata wapi gari, Frankline?

Akainama akafuta vumbi kwenye kiatu.

— Kama uliipata kabla ya Pasaka, nani aliipeleka Lambwe?

— Shem, wewe hujui watu hao. Hujui kabisa. Mimi mwenyewe nikilala nasikiliza mlango.

— Watu gani? Na yeye yuko wapi? Niambie alipo tu. Sitauliza kingine. Niambie tumchukue.

Macho yake yalijaa maji. Ya kweli, nayajua. Ndiyo mbaya zaidi — ni ya kweli. Akakohoa, akatoa leso, akajipangusa, na aliporudisha leso mfukoni alikuwa mtu mwingine. Akasema mlango uzibwe, upakwe rangi. Jumamosi yeye atakuwa nyumbani akipokea wageni, kwa hivyo Cliff wa stage atakuja kuendesha gari, na mimi nikae na wanawake kwenye basi la shule lililokodiwa. Akasema baada ya hapo mambo yatakuwa shwari. Halafu akageuka, kama amekumbuka jambo dogo:

— Lynnet ameanza Form Two, eh? Mtoto akikosa baba anahitaji baba mkubwa. Nitakuwa naenda kumwona shuleni.

Alipoondoka Maroa alitoka chini ya ile gari. Uso wake ulikuwa umepata umri. Nikamwambia nisaidie tu kupiga simu. Nimemwomba dada yangu aende kumchukua Lynnet shuleni leo leo, aseme ni mazishi, akae naye.


Alhamisi, 23 Januari

Lynnet yuko kwa dada yangu. Ananitumia meseji: mbona siji kwa mazishi ya Daddy? Sijajibu vizuri. Nimeandika, nitakueleza. Ni lini? Kwa maneno gani?

Askari hajapiga. Nilimpigia. Simu inalia, haishikwi.

Mama Susana alipiga. Wanachinja kesho. Wameleta yago kutoka kwa mti wa ng'ambo ya mto, wakaiweka chumba cha Nashon cha ujana, juu ya kitanda. Alisema aliingia akaiangalia, akatoka nje. Alisema, "Ni zito kama mtoto wa miaka miwili. Mimi nilimbeba, najua." Halafu akaniuliza kama gari imekuwa safi.

Nikasema, Mama, ni safi.

— Nataka kuiona. Hiyo tunda sioni kitu. Gari nitaona.

Nilifungua mdomo nimwambie. Kwa simu? Mwanamke amekaa peke yake jikoni, mwana mmoja hayupo, na yule mwingine yuko hapo nje anapanga viti! Nikafunga mdomo. Labda Frankline ni mkweli kwa hilo moja, labda tundu litamwua. Labda nami nakuwa kama yeye sasa, nimekaa na tundu, nalificha kwa sababu ya Mama.


Ijumaa, 24 Januari

Maroa amechanganya rangi. Puti iko tayari kwenye kibati. Alisema, ukitaka nizibe, mpaka jioni umekauka, hakuna atakayejua. Ukitaka niache, naacha. Lakini sema sasa, puti haingoji.

Nilizunguka gari. Sijawahi kuiona hivi, hata siku Nashon alipoileta. Tulipiga nta ya mwisho jana, maji yakimwagika juu yake yanakimbia yakiwa shanga. Kila mlango ni kioo.

Nikamwambia aache.

Hakuuliza mara mbili. Alifunika kibati. Halafu alichukua msasa laini, akalainisha kingo za nje za lile tundu, kidogo tu, akapuliza vumbi. Nikauliza, ya nini?

— Mtu asikatwe mkono akigusa.


Jumamosi, 25 Januari

Naandika nikiwa ndani ya gari. Karungu, katikati ya boma. Milango nimefunga, vioo juu. Mkono unataka kitu cha kushika, nimeshika kalamu.

Asubuhi Cliff alikuja na madereva wa stage, teksi zote zimefungwa vitambaa vyeupe. Walikuja wakiongea, wakaizunguka gari wakisifu — wee, imekuwa mpya! — mpaka wakafika upande wa dereva. Wakavua kofia mmoja mmoja. Hao ndio walionipa mwanamke wa Musoma. Cliff alikuwa na mkono umenyooshwa kupokea ufunguo, akaurudisha. Nikasema naendesha mimi. Wakaingia magari yao wakanifuata, hakuna aliyepiga honi njia nzima.

Nashon ndiye alinifundisha kuendesha, kwa gari hii hii. Upepo ulikuwa unaingia kwa tundu, ule ubao wa ndani hatukuurudisha. Ulikuwa unanipiga hapa, mbavuni, kutoka Migori mpaka ziwa lilipoonekana.

Nilipoingia boma waimbaji walikuwa wanaimba. Niliegesha upande wa dereva ukitazama hema. Nilitaka kushuka. Badala yake nikafunga milango. Wimbo ukapungua, ukabaki kwa wanawake wa nyuma ambao hawajaona, halafu nao wakaacha.

Frankline yuko kaburini, ng'ambo, na wazee. Yago liko kando yake ndani ya shuka, juu ya kitanda cha kamba. Ameona gari. Ameona watu. Bado ameshika koleo.

Mama Susana ametoka nyumbani. Mtu alitaka kumshika mkono, ameukataa. Amekuja moja kwa moja. Hakunitazama mimi, ametazama gari. Ameanza kwa boneti, kiganja wazi, akisafiri juu yake polepole kama anampapasa mtu usoni. Akapita taa. Akapita kioo cha pembeni. Kiganja kikafika kwenye chuma tupu.

Kikasimama.

Ameinama. Kidole chake kimeingia. Nakiona huku ndani, ncha ya kidole cha Mama, kucha yake fupi, kiko karibu na mbavu zangu.

— Ma ang'o? ananiuliza kupitia kioo. Nini hii, nyar Lambwe?

Nimetazama kule kaburini tu, na yeye amefuata macho yangu.

Hajaanguka. Moyo wake haujasimama. Amenyooka, kidole hajakitoa, na ameita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, watu wote wa hema wamegeuka:

— Frankline! Bi ka!

Njoo hapa. Ameita tena. Wazee wamemwachia njia. Kasisi ambaye alisema hatakaribia amekaribia. Madereva wameshuka, Cliff amesimama langoni, na wengine wanasimama naye, bega kwa bega, hakuna aliyewaambia.

Frankline ameweka koleo chini. Anakuja. Anatembea kama mtu anavuka matope. Uso wake naanza kuuona kwenye boneti, kwenye weusi, unakua mkubwa. Mama amefungua kiganja cha mkono wa pili, anamnyooshea, anataka mkono wake. Anataka akiweke kidole chake hapa naye

Nafungua mlango, nishuke nisimame na Mama